Uzoefu wangu wa kutafuta nenosiri nililolisahau kwa John the Ripper

Faili la Excel la hesabu za shamba letu la minazi la Tongoni, Tanga, nililifunga kwa nenosiri mwaka 2018, nikalisahau, na sikujali mpaka dada yangu aliponikumbusha kwamba alinunua magunia kwa fedha zake na hajarudishiwa. Fundi mmoja hapa Ngamiani alitaka nimwachie kompyuta siku tatu. Nilikataa, nikapakua John the Ripper, programu ya bure.

Haifungui faili moja kwa moja. Kwanza hati ndogo iitwayo office2john, inayohitaji Python, hutoa kwenye faili alama ya nenosiri, kisha programu hupitia orodha ya maneno moja baada ya jingine ikilinganisha kila jaribio na alama hiyo. Nilianza na orodha maarufu ya rockyou, iliyotokana na maneno ya siri yaliyovuja mwaka 2009, yenye maneno zaidi ya milioni 14. Kwa kuwa Excel ya 2013 na zilizofuata hurudia hesabu ya SHA-512, ile inayogeuza nenosiri kuwa alama, mara 100,000 kwa kila jaribio, kompyuta yangu ilijaribu maneno kama 120 tu kwa sekunde, ikaunguruma kwa zaidi ya saa 33, na mwishowe haikupata kitu. Sikushangaa sana: orodha ile imejaa majina ya Kizungu, na mimi sijawahi kumfikiria Jessica.

Jioni hiyo tuliketi barazani na daftari la shule, tukaandika maneno 52 yetu wenyewe: mitaa, majina ya madau, wajukuu, mpira. Kila neno nililiandika kwa herufi kubwa na ndogo mwanzoni, nikaliambatanisha na mwaka kuanzia 1970 hadi 2018, kwa tarakimu nne au mbili, na alama nne nilizozoea, kama @, zikae katikati, mwisho au zisiwepo kabisa. Dada alitazama orodha akauliza, "Kaka, umeandika Coastal, Wagosi je?" Nikaliongeza, likawa la 53. Majaribio yote yalikuwa takriban 93,000, kazi isiyozidi dakika 13. Dakika ya tisa likatokea: Wagosi@1988, yaani jina la utani la Coastal Union na mwaka ilipotwaa ubingwa wa ligi. Nimeshalibadilisha, hivyo naliandika bila hofu.

Kasoro zake zipo. Kazi yote hufanyika kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, na kosa la herufi moja katika jina la faili lilinipotezea asubuhi nzima. Isitoshe, hufaa kwa faili lililo mkononi mwako. Akaunti nyingi za mtandaoni hujifunga baada ya majaribio machache, na za watu wengine si za kuguswa kabisa.

Faili lilipofunguka, dada hakuzitazama nazi. Alikwenda moja kwa moja kwenye safu ya magunia, akakuta shilingi 40,000 zake, na mbele yake, kwa mkono wangu mwenyewe, nimeandika "bado".