Sheri kavu: ipi ununue kwanza, ipi uiache rafuni

Wengi huonja sheri, mvinyo mkali wa Hispania, mara ya kwanza kutoka chupa tamu ya kahawia, wakadhani zote ndivyo zilivyo. Sheri kavu haina utamu huo: sukari yake haizidi gramu 5 kwa lita. Nyumbani kwake ni Andalucía, kusini mwa Hispania, katika miji mitatu iliyo karibu: Jerez de la Frontera, Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María. Aina zake zinatofautiana kwa namna zilivyokutana na hewa zikiwa pipani, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuanzia.

Zabibu ni za aina ya Palomino, zinazomea kwenye udongo mweupe wa chokaa uitwao albariza. Maji yake huchachushwa mpaka sukari iishe, ukapatikana mvinyo mweupe wa alkoholi asilimia 11 au 12. Kisha mwonjaji anauchambua. Ulio mwepesi huongezewa spiriti ya zabibu hadi asilimia 15, na ulio mzito hufikishwa 17 au zaidi. Spiriti hiyo haimiminwi peke yake. Huchanganywa kwanza na mvinyo nusu kwa nusu na kuachwa itulie, kwa sababu ikiingia ghafla huutibua mvinyo wote.

Katika asilimia 15, hamira hupanda juu na kutanda kama ngozi nyeupe. Wahispania huuita utando huo flor, yaani ua. Pipa la lita 600 hutiwa lita 500 tu ili utando upate uwanja. Anayelijua tembo la mnazi, linavyokuwa kali kesho yake, ana haki ya kuuliza kwa nini mvinyo huu hauwi siki. Utando unaizuia hewa isiuguse mvinyo, na alkoholi ya asilimia 15 inawaelemea bakteria wa siki. Hamira hizo hula glisarini na sehemu ya alkoholi, ndiyo maana mvinyo unakuwa mkavu hasa, wenye harufu ya lozi, tufaha na kinyunga cha mkate. Hiyo ni fino, na ile inayolelewa Sanlúcar, penye unyevu wa bahari na utando mnene zaidi, ni manzanilla.

Katika asilimia 17 utando hauishi. Mvinyo unakaa na hewa miaka mingi, maji yakipotea polepole kupitia mbao, rangi ikigeuka kahawia na harufu ikiwa ya jozi. Hiyo ni oloroso. Amontillado imepitia njia zote mbili: imeanza chini ya utando, kisha utando ukafa au ukauawa kwa kuongezwa spiriti, na mvinyo ukamalizia malezi yake hewani.

Mapipa hupangwa kwa madaraja. La mwisho, lenye mvinyo mkongwe, huitwa solera. Mvinyo wa kujazwa kwenye chupa hutolewa humo, kwa kawaida si zaidi ya theluthi ya pipa kwa mwaka. Kilichotoka hufidiwa kutoka daraja lililotangulia, na hilo kutoka jingine, mpaka mvinyo mpya unapoingia mwanzo wa mstari. Kwa fino kazi hii hufanywa mara kadhaa kwa mwaka, kwa sababu mvinyo mchanga ndio unaoulisha utando. Ukicheleweshwa, utando hukonda na fino huanza kugeuka. Sheria inataka wastani wa malezi usiopungua miaka 2. Kwa kuwa mvinyo huchanganywa hivyo, usitafute mwaka wa mavuno kwenye lebo. Chupa moja ina miaka mingi ndani yake.

Ya kwanza: amontillado kavu. Kwa anayenunua mbali na Jerez, mahali pa joto, na ambaye hamalizi chupa kwa siku moja, hii ndiyo chaguo letu bila kusita. Imekwisha kuizoea hewa, kwa hiyo inavumilia safari na rafu, na ikifunguliwa inakaa wiki mbili hadi tatu kwenye friji. Tafuta Los Arcos ya Lustau, Viña AB ya González Byass au Tio Diego ya Valdespino. Lakini soma lebo hadi mwisho. Ukiona neno Medium karibu na Amontillado, imetiwa utamu, hata kama limefuatwa na dry (kavu). Kosa hili ndilo linalowagharimu wanunuzi wengi.

Ya pili: fino au manzanilla, kwa sharti. Ikiwa mbichi hakuna sheri inayoifikia kando ya samaki wa kukaanga, kamba au korosho za chumvi. Tatizo ni kwamba haijawahi kuishi na hewa, na kwenye chupa utando wake haupo tena kuilinda. Inywewe ndani ya mwaka mmoja tangu ijazwe, na ikifunguliwa, ndani ya wiki moja. Chupa iliyokaa miezi kwenye rafu ya duka la joto la Dar es Salaam au Mombasa imekwisha kuchoka. Mwombe muuzaji akuonyeshe tarehe ya kujazwa, na uinue chupa kwenye mwanga: rangi iwe ya majani makavu, isiwe ya chai. Zinazoandikwa en rama hazichujwi sana, zina ladha nzito zaidi, na mara nyingi lebo hutaja mwezi au msimu zilipotolewa pipani. Hapo huna haja ya kubahatisha. Tio Pepe na La Gitana ni mwanzo mzuri, na Inocente ya Valdespino, ya shamba la Macharnudo, inastahili bei yake. Chukua chupa ya sentilita 37.5 ikiwepo. Kwa ujazo ni ghali zaidi, lakini nusu ya chupa kubwa ukiimwaga, hesabu inageuka.

Ya tatu: oloroso kavu. Kwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu kwa saa nyingi. Glisarini yake haikuliwa, hivyo mdomoni huhisi kama tamu ingawa sukari haimo. Ikifunguliwa hudumu mwezi na zaidi. Don Nuño ya Lustau na Alfonso ya González Byass ni kavu kweli.

Ya nne: palo cortado. Ina harufu ya amontillado na uzito wa oloroso. Ni nzuri sana, lakini ni chache na ghali, na asiyezijua mbili zile hataona alicholipia. Vivyo hivyo chupa zenye alama ya VOS, za wastani wa miaka isiyopungua 20, na VORS, isiyopungua 30: ni kali, zina uchungu wa mbao, na hunywewa kidogo kidogo.

Ya kuacha rafuni ni sheri ya kupikia iliyotiwa chumvi, na chupa yoyote isiyo na jina Jerez-Xérès-Sherry au Manzanilla-Sanlúcar de Barrameda.

Nyumbani, isimamishe wima, usiilaze: ikilala, eneo linaloguswa na hewa ndani ya chupa ni kubwa zaidi. Fino inywewe baridi ya nyuzi 7 hadi 9, amontillado na oloroso 12 hadi 14, kwa glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe. Vile vikombe vidogo vya kioo huiba harufu. Fino iliyopitisha wiki usiimwage. Tia kijiko kimoja au viwili kwenye mchuzi wa samaki, dakika chache kabla ya kuuepua.