Kaunta buku ya kurasa 192: inamfaa fundi anayejiona mbabaishaji?

Fundi cherehani akiulizwa bei ya gauni, bei mbili humpitia kichwani: ile anayojua ni halali yake, na ile anayoitamka. Tofauti ya hizo mbili ndiyo gharama ya kujiona mbabaishaji, yaani kuamini huna uwezo ingawa kazi unaiweza, na hakuna programu ya simu inayoinasa vizuri kama kaunta buku ya A4 yenye jalada gumu.

Chukua ya kwaya 2 (kwaya ni kipimo cha wingi wa karatasi za daftari), kurasa 192. Ya kwaya 3 ina kurasa 288 lakini ni nzito, itaishia kabatini wakati wateja wako kibandani. Ndani kuna mistari ya kulala tu, kwa hiyo safu utachora mwenyewe kwa rula, kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto: tarehe, kazi, bei iliyokujia kwanza, bei uliyotaja, bei uliyolipwa. Kulia: vifaa, saa, kilichoharibika, na "amerudi?". Safu hii ya mwisho iwe pana, maana hujazwa miezi baadaye.

Na ndiyo yenye kazi kubwa. Pauline Clance na Suzanne Imes, wanasaikolojia wa Marekani walioieleza hali hii mwaka 1978, walionyesha kuwa mwenye nayo huyahesabu mafanikio yake kuwa bahati, au kwamba watu wamemkadiria kupita uwezo wake. Kwa hiyo sifa hazimwingii. "Kazi nzuri, fundi" ataichukulia kuwa ni adabu tu. Lakini mteja akirudi mara ya tatu na vitambaa vya wadogo zake, akaacha na advansi, hiyo adabu gani? Picha za skrini za WhatsApp, ambazo wengi huzitunza kwa ajili ya siku mbaya, hushindwa hapo: zimejaa sifa, hazina hesabu.

Usiiruke safu ya kilichoharibika. Zipu iliyofumuliwa ikarudiwa, bega lililovuta, kitambaa ulicholipa. Daftari la mazuri matupu mwenye hofu haliamini, na ana haki. Akikuta oda 40, tatu zimerudishwa, na zote tatu kosa ni mikono, basi anachohitaji ni kujifunza kupachika mikono. Zikiwa zimerudishwa 15, daftari halitamfariji, wala si kazi yake. Hapo arudi kwa fundi mkubwa akajinoe.

Mwisho wa mwezi, piga hesabu. Chukua mfano wa gauni la 35,000: toa 9,000 za bitana, zipu, uzi na umeme, zinabaki 26,000. Kwa saa 8, ni 3,250 kwa saa. Kisha jumlisha tofauti ya bei. Kama kila mara ilikujia 45,000 ukataja 35,000, kwa oda 12 umejitoza faini ya 120,000, na hakuna mteja aliyeiomba. Mwezi unaofuata, andika bei kabla ya kufungua mdomo, isome ilivyo, halafu nyamaza. Ile "lakini tutaongea" ndiyo inayokula pesa.

Panapoharibika ni pale fundi anapojaza usiku kwa kumbukumbu. Bei ya kwanza imeshasahaulika, na hofu imeshaandika nyingine mahali pake. Wengine huchana ukurasa wa oda iliyowaaibisha: kwenye daftari lililoshonwa, karatasi moja ikitoka, mwenzake wa upande wa pili hulegea. Yaliyogandishwa kwa gundi peke yake huachia mgongo mapema zaidi, kwa hiyo dukani fungua katikati uone uzi. Tumia kalamu ya kawaida ya bolpeni. Maka hutokeza nyuma ya karatasi.

Nakala ya akiba hakuna, hivyo piga picha kurasa kila wiki. Na kama hofu imefika pa kukunyima usingizi au kukufanya ukatae kazi unazoziweza, kamwone mshauri nasaha. Hilo limezidi uwezo wa daftari.

Alama 4 kati ya 5. Moja imeliwa na gundi ya mgongo.