Taa ya eabegi kwenye IST: uzoefu wangu na fundi umeme wa Nyakato

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza la kila mtu. Kupima Sh 30,000, spairo kebo (utepe wa nyaya wa nyuma ya usukani) ya mtumba Sh 80,000, ufundi Sh 20,000. Taa imezima na sioni kama nimepigwa. Fundi ana banda lake huku Nyakato, Mwanza; simtaji, foleni aliyonayo tayari inamtosha.

Gari ni Toyota IST. Ukifungua swichi, taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga kwenye ajali) inatakiwa iwake sekunde chache mfumo ukijipima, kisha izime. Yangu iligoma kuzima. Gari linatembea kama kawaida, na ndiyo maana watu huzoea kuendesha hivyo miaka nenda miaka rudi, lakini maana yake ni kwamba kompyuta ya eabegi imeona kasoro, na siku ya ajali usiitegemee.

Nilianzia gereji moja ya mjini ambayo nisingempeleka hata adui. Walichomeka kile kidude cha bei chee kinachosomwa kwa simu, wakatangaza gari ni zima. Vidude hivyo vingi vinasoma injini tu, yaani misimbo ya hitilafu inayoanza na P. Eabegi ina kompyuta yake na misimbo yake huanza na B, kwa hiyo unahitaji mashine inayoweza kuingia kwenye SRS, yaani mfumo wa eabegi. Wakavutavuta soketi ya njano chini ya kiti, taa ikabaki palepale, hela wakachukua. Wakati naondoka kijana mmoja akanisogelea: kwa elfu kumi angeing'oa ile taa nisiione tena!

Na wapo wanaokubali. Wengine huiunganisha na taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja, mnunuzi asishtuke. Ukienda kukagua gari, fungua swichi utazame dashibodi: taa ya eabegi isiyowaka kabisa iogope kuliko inayowaka muda wote.

Yule wa Nyakato alianza na hapo hapo, kuangalia kama taa inawaka yenyewe. Halafu, kabla hajagusa mashine, akauliza, "Dada, honi huwa inakataa ukikata kona?" Nikashangaa, maana kweli ilikuwa inakataa mara mojamoja na mimi nilidhani ni honi imechoka. Akachomeka mashine, ikatoa B0101, ambayo kwa Toyota hizi ni saketi ya eabegi ya dereva kukatika. Aliuandika msimbo kwenye daftari kwanza. Kufuta bila kuandika, anasema, ni kupoteza ushahidi.

Honi na eabegi ya dereva zote hupitia spairo kebo, utepe wa nyaya uliojiviringisha nyuma ya usukani ili usukani uzunguke bila kukata waya. Ukichoka, honi nayo huweza kulalamika.

Alizima gari, akatoa terminali hasi ya betri, akaniambia tusubiri. Toyota wanataka angalau sekunde 90, kwa sababu kompyuta ya eabegi hutunza umeme wa akiba wa kuifyatua hata betri ikikatika kwenye ajali. Akatoa kifuniko cha usukani chenye eabegi, akakilaza uso juu, mbali na sisi. Mita hakuiweka kwenye eabegi hata kidogo: umeme mdogo wa mita unaweza kutosha kuilipua. Alipima kebo peke yake ikiwa imechomolewa pande zote, akiizungusha taratibu. Mita ikawa inalia, inalia, ikafika mahali ikanyamaza: hapo waya umekatika. Alirudia akinionyesha, na hapo ndipo niliposema sawa, katafute kebo.

Kufunga nako kuna adabu yake. Matairi yanyooke, kebo izungushwe kinyume cha saa mpaka igome, irudishwe kama mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane. Ukifunga ovyo, utaikata siku ya kwanza ukigeuza gari.

Nilichompendea zaidi ni kwamba hakuniambia sasa uko salama asilimia mia. Kompyuta inapima saketi tu, haijui hali ya baruti iliyomo ndani. Eabegi za Takata zilirudishwa kwa mamilioni duniani kwa sababu kemikali yake, amoniamu nitrati, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, zikilipuka zinarusha vipande vya chuma, na taa ya dashibodi haisemi lolote. Magari yetu ni mitumba ya Japani, na joto na unyevu wa ziwa hili mnaujua. Akanielekeza niingize namba ya chesisi kwenye tovuti ya Toyota ya Japani nione kama gari lina riko, yaani limeitwa na kiwanda kurekebishwa. Kwa sababu hiyohiyo hauzi eabegi zilizotolewa kwenye magari ya ajali, ingawa wateja wanamsumbua sana.

Kasoro zipo. Risiti hatoi. Kebo niliisubiri mpaka jioni kijana wake akizunguka maduka ya spea, na kivuli pale ni cha mwembe mmoja unaogombaniwa na wateja wote. Kabla hujaenda kwake au kwa mwingine yeyote, piga simu uulize kitu kimoja: mashine yako inaingia kwenye SRS? Akianza kuzunguka-zunguka, tafuta mwingine.