Filta ya infraredi ya nanomita 685: je, inaokoa usiku wa hewa mbovu?

Karibuni tena. Leo tunaichambua Baader IR-Pass, filta ya kupigia picha za sayari kwa darubini, inayoanza kupitisha mwanga kwenye nanomita 685. Uzi wake ni wa inchi 1.25: unaifunga kwenye pua ya kamera, kazi imekwisha.

Tazameni kwanza Mshtarii bila filta. Kingo zinachezacheza kama kitu kilichozama majini, na mikanda imekuwa uji. Msiguse fokasi, kosa si lake. Hewa ya joto na ya baridi zinachanganyika huko juu, na mawimbi mafupi ya mwanga huvurugika zaidi kuliko marefu. Filta hii inakata karibu mwanga wote tunaouona na kubakiza wekundu wa mwisho pamoja na infraredi, mwanga wa mawimbi marefu tusiouona kwa macho.

Sasa tunaifunga. Mnaona? Sayari bado inatikisika, ila inatikisika ikiwa kitu kimoja badala ya kuvurugika vipande vipande. Hapo ndipo ilipo faida yote. AutoStakkert, programu ya kupanga na kuunganisha fremu za video, inaweza kuzirudisha mahali pake fremu zilizohama, lakini fremu iliyovurugika haina dawa.

Gharama yake ni ukali wa picha. Kwa darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 200, kikomo cha kutenganisha vitu ni kama sekunde-tao 0.7 (sekunde-tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja) kwenye mwanga wa kijani wa nanomita 550. Ukienda 750 kinakuwa 0.94. Kwa hiyo usiku uliotulia, itoeni. Usiku mbovu hamkikaribii kikomo hicho hata bila filta, kwa hiyo hamjapoteza kitu.

Kabla ya kununua, kagueni kamera. Kama ina kioo cha kuzuia infraredi mbele ya sensa, mtaona giza karibu tupu na kudhani filta ni mbovu. Sensa za IMX462 na IMX662 zinapokea infraredi vizuri sana. Kwenye kamera ya rangi picha itatoka nyekundu, kwa sababu hadi karibu nanomita 800 pikseli nyekundu ndizo zinazopata sehemu kubwa ya mwanga. Igeuzeni kuwa ya kijivu.

Mipangilio sasa. Fokasi ifanywe upya, hasa kwa darubini za lenzi, maana inahama sana. Kama eksposha, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ilikuwa milisekunde 5, tegemeeni 10 hadi 15. Msishawishike kuipeleka 30 ili picha ing'ae; ongezeni geini, yaani ukuzaji wa ishara ya sensa. Chengachenga za geini hufutika fremu nyingi zikiunganishwa, lakini ukungu wa eksposha ndefu haufutiki. Histogramu, grafu ya mwangaza wa picha, ikifika asilimia 50 inatosha.

Halafu Barlow, lenzi ya kukuza picha, na hapa wengi hukosea. Ili kupata namba ya f inayofaa (urefu wa fokasi kwa kipenyo cha darubini), hewa ikiwa nzuri, zidisheni ukubwa wa pikseli kwa 5: mikromita 2.9 zinadai karibu f/14.5. Hewa mbovu, zidisheni kwa 3 tu, yaani karibu f/9. Mwenye darubini ya f/10 aiache Barlow sandukuni.

Mshtarii unajizungusha kwa chini ya saa 10, basi video isizidi sana dakika 2. Kwa fremu 60 kwa sekunde mnapata 7,200. Bakizeni asilimia 10 hadi 15. Kwenye AutoStakkert, visanduku vya kulinganishia fremu viwe vikubwa, pikseli 80 au 100, kwani vidogo hukimbizana na chengachenga.

Mirihi ndiyo inayofaidi kuliko zote: maeneo meusi yanajitokeza vizuri, ingawa mawingu yake hupotea. Kwa Mshtarii mikanda inakaa sawa, lakini Doa Jekundu linapauka, hivyo mkiiweka infraredi kama safu ya mwangaza juu ya picha ya rangi, doa litatoka limefifia kama mgonjwa. Zohali ni hafifu; chini ya milimita 200 msijisumbue. Mwezi unapendeza hata mchana, kwa sababu anga la bluu linageuka jeusi. Zuhura pia hupigwa mchana, lakini filta hii si ya kutazamia Jua: kaeni mbali nalo kabisa, na jicho lisiguse darubini wakati wa kutafuta.

Joto la ndani ya darubini filta haligusi. Kioo cha milimita 200 kinahitaji saa nzima au zaidi nje kipoe, na sayari iliyo chini ya nyuzi 30 juu ya upeo, au inayopita juu ya bati lililoshinda juani, itachemka tu.

Alama zetu: kwa mwenye milimita 200 na kuendelea, nunua. Mwenye 150 au chini yake atafute ya nanomita 610, inayopitisha mwanga zaidi, la sivyo geini itapanda mpaka picha ijae mchanga.