Tathmini: Kukaa na Familia Marangu, Kujitolea Shuleni na Kupanda Kilimanjaro

Kampuni kadhaa za utalii za Moshi huuza safari inayounganisha mambo matatu: kukaa nyumbani kwa familia ya kijijini, kujitolea katika shule au kituo cha jamii, na kupanda Mlima Kilimanjaro. Wateja wake wengi hutoka Ulaya na Marekani, na matangazo huandikwa kwa lugha zao. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Mombasa. Nilinunua huduma hiyo wakati wa likizo ya Agosti kutoka kwa kampuni moja ndogo yenye ofisi Moshi mjini, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wa pande zote za mpaka, ambao huenda wakadhani kwamba safari ya namna hii haiwahusu. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu baadhi ya kasoro nilizoziona nilielezwa pia na wageni waliopitia kampuni nyingine. Maoni yangu kwa ufupi ni kwamba makazi ya familia na huduma ya mlimani vinastahili kila shilingi, lakini kujitolea, kwa namna kunavyouzwa sasa, hakustahili, na kunafaa kupangwa upya na wanakijiji wenyewe.

Nianze na nyumbani, kwa kuwa ndiko kulikonifaidi zaidi. Nilipokewa na mama mjane anayeishi na wajukuu wawili katika kihamba cha ukoo wa marehemu mumewe, juu kidogo ya Marangu Mtoni, katika miteremko ya Kilimanjaro. Msomaji asiyekijua kihamba asidhani ni shamba lililo mbali na nyumba. Nyumba imo ndani yake: migomba imesimama hadi ukutani, chini ya migomba ipo mibuni, chini ya mibuni yamepandwa magimbi na maharage, na juu ya vyote ipo miti mirefu ya kivuli na mbao. Ng'ombe hafungwi malishoni bali hukaa bandani akiletewa majani, na samadi yake hurudishwa kwenye migomba. Maji hupita katika mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kwa mikono kutoka kwenye kijito cha juu, na kila kaya ina zamu yake ya kuyafungulia. Niliwahi kusoma kuhusu kilimo hiki vitabuni, lakini kukiona mtu akikiendesha kwa siku nzima, kuanzia alfajiri anapokata majani ya ng'ombe, ni elimu nyingine kabisa.

Chumba nilichopewa kilikuwa safi, chenye kitanda, chandarua na mablanketi mazito ambayo mtu wa pwani atayahitaji, kwani baridi ya Agosti katika miteremko ile si ya kudharau. Maji ya kuoga yaliletwa ya moto katika ndoo, asubuhi na jioni. Mimi ni Mwislamu na mwenyeji wangu ni Mlutheri, na jambo hili nililitaja mapema katika fomu ya kampuni. Nilipofika nilikuta limeshashughulikiwa bila mimi kulikumbusha. "Nyama yako nimeinunua kwa Mwislamu pale Mtoni, mwanangu, na sufuria hii ni yako peke yako," aliniambia nilipomwamkia, hata kabla sijaketi. Alinionyesha pia upande wa kibla, ambao alikuwa amemwuliza muuza nyama huyohuyo. Mbege, pombe ya ndizi, ilipokuwa ikinywewa kwa jirani kwenye sherehe ya ubatizo, mimi niliwekewa chai ya tangawizi bila mtu yeyote kuniuliza maswali. Nimelala katika hoteli zenye nyota nyingi ambazo hazikufikia uangalifu wa mama huyu.

Chakula chake kinastahili maelezo. Mtori wake ulipikwa kwa ndizi za mshare zilizomenywa zikiwa mbichi, mikono ikiwa imepakwa mafuta ili utomvu usigande na kuacha madoa meusi. Ndizi zilichemshwa pamoja na nyama yenye mfupa, kisha nyama ikatolewa, ndizi zikapondwapondwa na kupekechwa hadi zikawa laini, ndipo nyama ikarudishwa. Kulikuwa pia na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, na machalari, yaani ndizi na nyama, siku ya Jumapili. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa kahawa, tulichuma buni zilizoiva pekee, tukazimenya siku ileile kwa mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, kisha zikalowekwa na kuoshwa kabla ya kuanikwa kwenye vichanja. Mwenyeji wangu alinieleza kuhusu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933, na jinsi baba mkwe wake alivyosomesha watoto kwa malipo ya kahawa. Hakuna mwongozaji aliyemfundisha kusema hayo. Tulikuwa tukichambua buni.

Kuhusu malipo yake, kampuni ilifanya vizuri. Kiasi anacholipwa mwenyeji kwa kila usiku kilikuwa kimeandikwa katika mkataba wangu, na alipokea fedha zake siku niliyoingia. Nilimwuliza, naye akathibitisha. Wateja wote wanapaswa kulidai jambo hili, kwa sababu wageni wenzangu wawili, vijana kutoka Ujerumani waliokuja na kampuni nyingine na kukaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hawakujua hata kidogo ni kiasi gani cha fedha zao kilichomfikia mwenyeji wao.

Sasa nije shuleni, ambako nazungumza kwa taaluma yangu. Nilipelekwa katika shule ya msingi ya jirani na kuelezwa kwamba nitafundisha Kiingereza na kucheza na watoto. Hakuna aliyenitaka cheti cha mwenendo mwema cha polisi. Hakuna aliyeuliza kama nimewahi kusimama mbele ya darasa. Hilo peke yake lilinisikitisha sana, kwani sikubali kwamba mtoto wa Marangu anastahili ulinzi mdogo kuliko mtoto wa Berlin au wa Mombasa. Kibali nacho hakikutajwa hadi nilipouliza mwenyewe. Sheria ya uhamiaji ya Tanzania inamtaka mgeni anayejitolea awe na kibali kinachohusu kazi hiyo, na anayekaa muda mrefu hupewa kibali cha ukaazi cha Daraja C; kuingia kama mtalii hakutoshi. Ofisi ya Moshi iliposhikwa hapo ilishughulikia karatasi zangu haraka, lakini haikupasa kungoja swali la mteja.

Siku ya kwanza mtoto mmoja wa darasa la pili alinifungulia daftari lake la Kiingereza. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na majina ya viungo vya mwili, kichwa, macho, masikio, yameandikwa kwa mwandiko wa mtu mmoja kama mfano wa kunakili. Kurasa chache mbele yalianza tena majina yaleyale kwa mwandiko mwingine, na mbele zaidi yakaanza kwa mara ya tatu kwa mwandiko wa tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyefika kwenye magoti. Kila mgeni alikuwa ameanza upya kwa sababu hakuna aliyemwachia mwenzake maelezo, na mwalimu wa darasa, kwa adabu, alimwachia kila mmoja kipindi chake. Vipindi hivyo vilitoka katika muda wa watoto wa kujifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ambao ndio msingi wa madarasa hayo mawili ya mwanzo.

Nilimwomba mwalimu yule aniambie yeye anahitaji nini. Alifikiri kidogo, kisha akanipa watoto waliochelewa kusoma, niketi nao nje chini ya mti mmojammoja na kuwasikiliza wakisoma silabi, kwa Kiswahili, kwa kitabu anachotumia yeye, na jioni nimwandikie kila mtoto amefika wapi. Kazi hiyo ilikuwa na maana kwa sababu ilikuwa yake, na kwa sababu mimi na watoto tulielewana bila mkalimani. Kwa hiyo ninaziomba kampuni ziache kuwauzia wageni darasa. Msemaji wa Kiswahili mwenye ujuzi wa ualimu anaweza kumsaidia mwalimu mwenyeji kwa namna hii, lakini asiye na ujuzi apewe kazi nyingine, na kazi zipo. Jumamosi moja wanakijiji walitoka kusafisha mfongo uliojaa tope. Vijana wale wa Ujerumani walishika majembe pamoja na kila mtu, wakiongozwa na mzee anayesimamia zamu za maji, nami nilibeba mawe. Kijiji ndicho kilichopanga kazi, kijiji ndicho kilichoisimamia, na maji yalipita jioni hiyohiyo. Ajabu ni kwamba siku hiyo haikuwamo katika ratiba ya kampuni yoyote.

Mlima nitaueleza kwa upande wa huduma. Tulitumia njia ya Marangu, ambayo ni njia pekee yenye vibanda vya kulala badala ya mahema: Mandara kwenye mita 2,720, Horombo mita 3,720 na Kibo iliyo juu kidogo ya mita 4,700. Kampuni iliniuzia ratiba yenye siku ya ziada ya kukaa Horombo ili mwili uzoee hewa nyepesi, na ilikataa kuniuzia fupi zaidi hata nilipouliza bei yake. Ninawasifu kwa hilo. Siku hiyo hutumika kutembea hadi kwenye miamba yenye mistari myeusi na myeupe inayoitwa Zebra, kisha kurudi kulala chini. Kati ya Mandara na Horombo mwongozaji alinionyesha maeneo yaliyopitiwa na moto wa Oktoba 2020. Yeye ni mzaliwa wa Marangu, na alijivunia kunieleza habari za Yohani Kinyala Lauwo wa kijijini kwao, anayekumbukwa kama mwongozaji wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, watu wa kwanza wanaojulikana kufika kileleni, mwaka 1889.

Wagumu, kama wanavyoitwa wapagazi wa mlima huu, walitendewa vyema kwa kiasi nilichoweza kuona. Mizigo ilipimwa kwenye mizani langoni, kilo 20 zikiwa ndio ukomo, na kila mmoja alikuwa na viatu imara na koti la baridi. Walikula milo mitatu. Mjini Moshi lipo shirika la KPAP linalofuatilia jinsi kampuni zinavyowalipa na kuwatunza wagumu, na ninamshauri kila mteja aulize kama kampuni yake inashirikiana nalo kabla ya kutoa malipo ya awali. Pale Horombo kijana mmoja wao aliniletea birika la maji ya moto ya kutawadhia alfajiri, wakati maji ya bombani yalikuwa yameganda. Hakuna aliyemtuma.

Usiku wa kileleni huanza mnamo saa sita, kutoka Kibo, kwa kupanda changarawe inayoteleza. Mwongozaji alikuwa na kifaa kidogo cha kuvalisha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu, na alikitumia kila tulipopumzika. Nilifika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,681, nikiwa nimetapika mara kadhaa na kichwa kikiniuma vibaya. Alinipima, akaniuliza majina ya wanangu na hesabu ndogo ya kutoa, akanipima tena. "Mwalimu, leo tunaishia hapa. Tunashuka sasa hivi," alisema, na hakuniachia nafasi ya kubembeleza. Uhuru, mita 5,895, niliiona kwa mbali jua lilipochomoza. Maradhi ya mwinuko yanaweza kumwua mtu, na tiba yake ya kwanza ni kushuka. Tulipofika Horombo kichwa kilikuwa kimetulia. Mwongozaji anayejua kukatiza safari ya mteja aliyelipa ndiye wa kumwamini, nami nilimpa bakshishi yake yote kama ningefika kileleni.

Jambo jingine ambalo kampuni ililipanga vizuri ni kuturudisha kwa wenyeji wetu baada ya mlima badala ya kutupeleka hotelini. Miguu yangu haikuweza kushuka ngazi, na mama mwenyeji alikuwa ameshachemsha maji yenye chumvi.

Kwa Mwafrika Mashariki anayetaka kwenda, jihadhari na ankara. Yangu ya kwanza ilinihesabia ada za hifadhi za mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki, ambazo ni kubwa mara nyingi kuliko zile zinazolipwa na raia wa nchi za jumuiya yetu. Nilituma nakala ya pasipoti, nikaomba kila ada iandikwe peke yake, ya uhifadhi, ya vibanda na ya uokoaji, na bei ikashuka sana. Anayetoka Mombasa apite Voi na Taveta hadi mpaka wa Holili, akiwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkononi. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Himo, inakoanzia barabara ya kupanda Marangu. Epuka miezi ya masika, Machi hadi Mei. Na ukiwa mwalimu, iandikie shule mwenyewe kabla ya kusafiri na uwaulize walimu wanahitaji nini, usiingoje kampuni ikuamulie.