Kozi ya SQE kwa mawakili wa nje: maswali moto, kanuni za mpito vurugu tupu

Nimemaliza kozi ya onlaini ya kujiandaa na SQE, mtihani wa kuwa solisita (aina ya wakili wa kule), ile wanayowauzia mawakili waliosomea nje ya Uingereza na Wales wanaotaka kuwa masolisita kule. Jina la kampuni nalihifadhi. Nyota tatu kati ya tano.

Benki ya maswali ndo imebeba nyota zote hizo. SQE1, hatua ya kwanza inayopima maarifa ya sheria, ina pepa mbili, FLK1 na FLK2, kila moja maswali 180, unapiga 90 asubuhi unarudi kupiga 90 mengine mchana, na kila swali lina majibu matano ambayo karibu yote yanaonekana kama kweli. Hawa jamaa wameutunga ule ule mtego, halafu wanakufafanulia kwa nini B inaishinda D hata pale D siyo uongo, na ardhi ya kwao, trasti na utunzaji wa hela za wateja wamevichambua polepole kwa mtu ambaye hajawahi kuvigusa kwa mtindo wa Kiingereza. Hapo sina neno.

Sasa njoo kwenye moduli ya kanuni, aisee. Notsi bado zinaielezea QLTS, mfumo wa zamani wa mawakili wa nje, kama njia iliyo wazi, wakati ilifungwa SQE ilipoanza tarehe 1 Septemba 2021, na waliokuwa wameshapasi ule mtihani wake wa kwanza, MCT, walipewa mwaka mmoja tu wa kumalizia OSCE, ule wa pili wa vitendo, au wahamie SQE2, hatua ya pili ya SQE inayopima ujuzi wa kazi. Mtu anayeanza leo hayo hayamhusu kabisa. Kibaya zaidi wameitupia hapo hapo tarehe ya 31 Desemba 2032 bila kusema ni ya nani, watu darasani wakaanza kutulia wakidhani wana muda, kumbe hiyo ni ya wanafunzi wa kule kule waliokuwa wameanza sheria kabla ya SQE na wanataka kumalizia njia ya zamani ya LPC, kozi ya mafunzo ya kazi ya sheria. Wenyeji miaka kumi na moja na ushee, sisi wa nje mwaka mmoja, lakini hilo siyo kosa la kozi.

Kilichonikera ni ile nyongeza ya kulipia, eti wakutafutie mahali pa kutimiza miaka miwili ya QWE, yaani uzoefu wa kazi ya sheria unaotakiwa kabla ya kuwa solisita. Wakili ambaye tayari ana leseni ya nchi aliyotoka hadaiwi QWE! Nikawaandikia, nikajibiwa na ujumbe wa kukopi na kupesti, nikaandika tena ndo akaja mtu mwenye akili zake akakubali kwamba mimi siihitaji. Sasa mbona mnaiuza kwenye kozi ya mawakili?

Na msamaha wa SQE2 wameuficha somo la mwisho, ukiwa umeshalipia SQE2 yote. Huo unaombwa SRA, mamlaka inayosimamia masolisita, mtu mmoja mmoja, unaonyesha sifa zako na uzoefu wako wa kazi, na ukiupata bado unatakiwa uthibitishe Kiingereza chako. Wa SQE1 ni mgumu zaidi maana lazima waone sheria uliyosoma haitofautiani sana na yao, hilo wamelisema vizuri, sentensi mbili tu zimetosha.

Mazoezi ya SQE2 yenyewe ni mazuri, vituo 16, yaani 12 vya kuandika na vinne vya mdomo, mwalimu wa mdomo mkali kweli kweli, anakukatisha kama mteja aliyekasirika. Ila wangesema mapema kwamba vya mdomo lazima usafiri ukavifanyie kule kule, maana nauli na viza siyo mchezo.

Ukiinunua chukua kifurushi cha SQE1 peke yake, kipo, kiko chini kabisa ya ukurasa wa malipo kwa maandishi madogo. SQE2 usiilipie mpaka SRA wakujibu kuhusu msamaha.