Niliambiwa ninachafua kaburi: matembezi yangu ya Tervuren

"Mademoazeli, tafadhali, usichafue mawe."

Nimerudi Lubumbashi siku nyingi sasa, lakini neno hilo bado limenikaa kooni. Mwongoza watalii aliniambia hivyo mbele ya kundi zima, nikiwa nimepiga magoti, kitambaa mkononi, naosha kaburi. Na matembezi hayo niliyalipia euro 15.

Nilikuwa Ubelgiji kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Masomo yalikuwa yamekwisha, nasubiri ndege tu. Ikafika Agosti mosi. Kwetu Kongo hiyo ni siku ya wazazi, walio hai na waliokufa. Asubuhi watu wanaelekea makaburini, Sapinière na kwingineko, na majembe, mafagio na mabido ya maji. Mnang'oa majani, mnaosha kaburi, mnaongea kidogo na mtu wenu aliyelala pale. Halafu ndipo mnarudi nyumbani kula bukari na wazazi mliobaki nao. Kule Bruxelles sikuwa na kaburi la mtu wangu hata mmoja. Nikakumbuka kwamba Tervuren, mji mdogo kando ya Bruxelles, wamelala Wakongo saba.

Mwaka 1897, wakati wa maonyesho makubwa ya Bruxelles, Wakongo 267 walipelekwa kule kwa ajili ya Léopold II, mfalme wa Ubelgiji, wakawekwa katika vijiji vilivyojengwa bustanini Tervuren ili wazungu waje kuwatazama. Walikuja zaidi ya milioni moja. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua, na saba wakafa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Leo wamelala kando ya ukuta wa kanisa la Mtakatifu Yohana Mwinjili, mawe saba yamepangwa mstari mmoja. Mfalme mwenyewe hakukanyaga Kongo hata siku moja ya maisha yake.

Sikutaka kwenda peke yangu, naogopa kupotea, ndiyo maana nikanunua matembezi ya kuongozwa. Kampuni siitaji. Tulianza na jengo la makumbusho ya Afrika kwa nje: nguzo, madirisha, ngazi. Tukaambiwa habari za miti, miti mingi sana. Tukafika kwenye mabwawa, kule kule vilikojengwa vile vijiji, na mama aliyetuongoza akatuonyesha bata. Alisema sentensi mbili juu ya watu, kisha bata tena. Nikajizuia, nikasema moyoni, labda maneno anayaweka kwa ajili ya kanisani.

Kanisani akatazama saa. "Dakika tano hapa, halafu tunakwenda kunywa kahawa."

Nilikuwa nimebeba chupa ya maji na kipande cha kitenge cha mama. Wenzangu wakapiga picha. Mimi nikachuchumaa, nikamwaga maji kidogo, nikaanza kutoa ukungu wa kijani kwenye herufi za majina. Jiwe la kwanza, la pili. Nilipofika la tatu ndipo nikasikia hilo la kuchafua. Nikamjibu kwa upole kwamba nasafisha, kwetu leo ni siku yake. Akasema kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, na kundi linasubiri. Wote kimya. Na mimi nikasimama, nikakunja kitambaa, nikawafuata. Jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko neno lake: kwamba nilisimama.

Sasa niseme na upande wake, maana sipendi kumwonea mtu. Alijua miaka na majina bila kusoma karatasi. Alitamka Mpeia vizuri. Inawezekana amewahi kuona watu wanaharibu mawe yale, inawezekana pia uwanja wa kanisa una sheria zake. Asingekuwa yeye, siku ile nisingefika. Kwa hiyo nilipoanza kuandika hapa nilitaka kutoa nyota mbili, hata tatu.

Lakini hapana. Kadiri ninavyoandika ndivyo moyo unavyochemka. Unawezaje kuwaeleza watu jinsi wale saba walivyokufa, halafu Mkongo wa kwanza anayewagusa umwambie anachafua? Sisi wa Lubumbashi tunajua uzito wa kaburi. Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliuawa hapa kwetu, Shilatembo, tarehe 17 Januari 1961, mwili wake ukayeyushwa kwa asidi asipate hata pa kulazwa. Kilichorudishwa kutoka Ubelgiji mwaka 2022 ni jino moja. Mtu wa huku akiliona jiwe lenye jina la Mkongo aliyefia ugenini, lazima atafute maji ya kuliosha. Kahawa itangoja. Nyota moja, na hiyo nampa kwa kumtamka Mpeia.

Kwenye mlango wa mkahawa niligeuka. Sikuaga. Nilirudi peke yangu, nikaosha yaliyobaki, na kila jiwe nikalisomea jina lake kwa sauti. Padri au mlinzi hakutokea, hakuna aliyenikataza. Bibi mmoja Mbelgiji alipita na mbwa wake, akasimama mbali kidogo mpaka nikamaliza, akainamisha kichwa, akaenda. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilipata nilichokwenda kutafuta, na hicho hakikuwa ndani ya euro 15.

Jioni nikampigia nkambo, yaani bibi yangu, yuko Katuba hapa Lubumbashi. Nikamhadithia yote. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Bale batoto ba batu," akasema, "nani alibalilia?"

Sikuwa na jibu. Akauliza kama maji yalifika kwa wote saba. Nikamwambia ukweli: chupa iliisha kabla ya Mibange, jiwe lake nililifuta kwa kitambaa kilichobaki na unyevu.

Kwa hiyo, mwanafunzi unayekwenda, usilipe mtu. Panda tramu namba 44 pale Montgomery, inapita msituni, ushuke kituo cha mwisho, kisha uliza kanisa. Hakuna kiingilio. Beba chupa mbili, na uanze na Mibange.